Hija ya Bagamoyo Inaanzia Unguja

Usiku wa kuamkia safari, jirani yangu aligonga mlango akiwa ameshika bakuli lililofunikwa kawa. Ndani mlikuwa na mkate wa kumimina, ungali na moto, umekatwa vipande vinane na kupangwa duara kama wa sikukuu. Jirani huyu ni Mwislamu, mtu mzima ambaye mtaa wetu wote hapa Mji Mkongwe humwita Mama Mkubwa, na miaka mingi iliyopita alijaaliwa kwenda Makka. Kwa hiyo neno hija kwake si neno la kutamkwa ovyo. "Mwanangu," aliniambia, "nimesikia mnakwenda kuhiji Bagamoyo. Msafiri hatoki mikono mitupu, kuleni njiani." Kisha, akiwa ameshageuka kuondoka, akauliza swali ambalo nimekaa nalo tangu siku ile: "Lakini mbona mnakwenda kuhiji ng'ambo, na Minara Miwili mnayo hapa hapa?"

Nilimjibu kwamba Minara Miwili, kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu, ni nyumbani, na mtu hahiji nyumbani kwake. Aliridhika, akanitakia safari ya heri, akaenda zake. Mimi sikuridhika. Kadiri ninavyokwenda Bagamoyo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba sisi Wakatoliki wa visiwani tunaifanya hija ile kama wageni walioalikwa, ilhali habari yenyewe inayowakusanya watu pale ilitoka kwetu, ikapakiwa chomboni Unguja na kuteremshwa mchangani upande wa pili. Nayaandika hapa yale niliyopaswa kumweleza Mama Mkubwa pale mlangoni, kama usiku ungetosha na kama mimi mwenyewe ningekuwa nimeyapanga vizuri kichwani.

Bagamoyo husifiwa kuwa mlango wa imani Katoliki katika bara la Afrika Mashariki, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini kabla ya mlango huo kufunguliwa palikuwa na nyumba Shangani, mtaa wa hapa hapa Mji Mkongwe. Desemba 1860 Padre Armand Fava aliwasili Unguja kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadri wenzake na masista wa shirika la Mabinti wa Maria, katika enzi ya Sultani Majid bin Said. Walifungua kikanisa, hospitali na karakana ya kufundishia vijana kazi za mikono. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, na Padre Antoine Horner akaja kuiongoza. Eneo walilokabidhiwa liliitwa Zanguebar, yaani lilichukua jina letu, nalo lilianzia Rasi Guardafui kwenye pembe ya Somalia likashuka hadi Rasi Delgado nchini Msumbiji. Hebu mtu aifikirie pwani yote hiyo, na watu wote waliokuwa nyuma yake kuelekea maziwa makuu, ikisimamiwa na watu wachache waliokuwa wakiishi katika vichochoro hivi ambavyo leo napita nikienda sokoni Darajani.

Soko jingine nalo lilikuwa karibu. Mapadri walikuwa wakienda kwenye soko la watumwa na kununua hasa watoto, kwa fedha walizochangiwa Ulaya, wakawaleta nyumbani Shangani. Nyumba ikajaa, na mji wenyewe ulikuwa umebanana kama ulivyobanana leo. Hapakuwa na mahali pa kulima wala pa kuwaweka vijana hao watakapokua, waoe na kuolewa na wapate makazi yao. Ndipo Machi 4, 1868, Padre Horner alipovuka kwenda Bagamoyo kuanzisha misheni kwenye ardhi iliyopatikana kwa ridhaa ya Sultani Majid, na watoto wa Shangani wakavushwa kwenda kuwa watu wa kwanza wa mahali pale. Minara Miwili tunayoiringia, na ambayo Mama Mkubwa alikuwa akiikusudia, ilijengwa baadaye sana, kati ya 1893 na 1898, wakati Bagamoyo ilikuwa imekwisha kuwa na makaburi ya mapadri na wajukuu wa wale watoto. Kwa hiyo kilicho kikongwe kwetu si jengo. Ni ile safari.

Mwaka huu tulikutana kanisani saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Oktoba ambao ni mwezi wa rozari, upepo wa kusi ukiwa umekwisha kulegea na bahari imetulia. Wamama walikuwa wamevaa vitenge vya sare, vijana wa kwaya wamebeba kinanda kilichofungwa shuka, na bibi mmoja wa miaka themanini na zaidi, ambaye ni mkongwe kuliko sisi sote katika jumuiya yetu, alikuja na kikapu cha ukindu ambamo hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Tulisali fungu moja la rozari, tukatoka kwa miguu kuelekea bandarini Malindi, mji ukiwa bado umelala isipokuwa waliokuwa wakitoka misikitini, ambao walitusalimu na kutupisha njiani. Boti ilipong'oa nanga na kulikwepa gati, niligeuka kama ninavyogeuka kila mara: minara yetu miwili ikaonekana ikipanda juu ya mapaa ya mabati, nyuma ya majumba ya Forodhani, mwanga wa jua la kwanza ukiwa umeigusa upande mmoja tu.

Kutoka Unguja hadi Bagamoyo kwa njia ya bahari hapafiki kilomita 50. Siku hizi hatupiti hapo. Abiria hupelekwa Dar es Salaam kwa boti za kasi kwa muda wa saa mbili hivi, kisha tunapanda basi na kurudi kaskazini tukipita Bunju, Mapinga na Kerege, mpaka tuione tena bahari ile ile tuliyoiacha asubuhi. Majahazi yanayokwenda Bagamoyo moja kwa moja bado yapo, lakini ni ya mizigo, na si chombo cha kumpandisha bibi wa miaka themanini. Hata hivyo natamani kabla sijafa nivuke siku moja kwa njia ile yenyewe, tanga likiwa juu, nikashukie kwenye maji ya magotini kama walivyoshuka wao, maana pwani ya Bagamoyo ni ya kina kifupi na vyombo huishia mbali na mchanga.

Maandamano ya mahujaji huanzia kwenye msalaba mkubwa uliosimamishwa karibu na ufuo, kuwakumbuka wamisionari waliofikia hapo. Siku ile palikuwa na umati kutoka Dar es Salaam, Morogoro na kwingineko bara, na vikundi vikawa vinaendelea kushuka kutoka kwenye mabasi. Padre aliyeongoza sala alisimama chini ya msalaba akiitazama bahari, na sisi mahujaji, kwa maelfu, tukasimama tukimtazama yeye, mgongo tumeipa bahari. Kisha wimbo ukaanzishwa na watu wote wakaingia kwenye barabara ya miembe iliyopandwa na wamisionari kuelekea kanisani. Hakuna aliyekosea, ndivyo utaratibu ulivyo, na kwa mtu aliyetoka bara imani yake kweli inaanzia hapo na kuelekea ndani ya nchi. Lakini nilimwona bibi yetu hakufuata. Alivua kandambili zake, akazitia kikapuni, akateremka taratibu kwenye mchanga uliokupwa, akipita katikati ya ngalawa mbili zilizolazwa ubavu, mpaka maji yakamfikia vifundoni. Akainama, akachota maji kwa kiganja, akafanya ishara ya msalaba kama mtu anayeingia kanisani na kukuta maji ya baraka mlangoni. Nilipomfikia nimshike mkono alinyoosha kidole mashariki, ambako hapakuonekana kitu ila ukungu mwembamba juu ya maji. "Kule ndiko tulikotoka," akasema, "na wao walitokea kule kule." Tulisimama hapo mpaka mwisho wa maandamano ulipotupita.

Nami nina sababu yangu ya kuitazama bahari ile. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akitusimulia kwamba babu yake alivuka bahari mara mbili kabla hajaota ndevu. Mara ya kwanza alivushwa kutoka bara kuletwa Unguja akiwa mali ya mtu. Mara ya pili alirudishwa bara na mapadri, akalelewa Bagamoyo, akabatizwa na kupewa jina la mtakatifu ambalo bibi alilitamka kwa lafudhi ya Kifaransa bila ya kujua kwamba ni Kifaransa. Kwao alikotoka kabla ya yote hayo hakukujulikana. Alikumbuka mlima, na neno moja la lugha ya mama yake ambalo halikumfikia bibi yangu. Baadaye watoto wake walirudi Unguja kufuata kazi. Hivyo kila ninapopanda boti kwenda Bagamoyo nahesabu: hii ni safari ya ngapi katika ukoo wetu, na nani kati yetu aliivuka kwa hiari yake.

Kwa sababu hiyo husikiliza kwa makini sana jinsi habari za watumwa waliokombolewa zinavyosimuliwa pale misheni, na nasema bila ya kuwavunjia heshima mapadri wale kwamba simulizi inastahili kuelezwa yote. Walinunua watoto ili kuwaokoa, na waliokolewa kweli, wengi wasingeishi. Waliokua na kuoana walipewa nyumba na viwanja katika kile kijiji cha uhuru. Lakini maisha ya hapo yaliendeshwa kwa kengele, tangu kuamka hadi kulala, kwa kusali, kulima na kusoma, na mtoto hakuwa ameulizwa anataka kwenda wapi. Babu wa bibi yangu alifundishwa useremala na akaupenda, naye alizikwa Mkristo. Hata hivyo bibi alisema kwamba hadi uzeeni kengele ikilia alikuwa akisimama ghafla, hata kama ameshika kijiko. Nayaweka yote mawili pamoja, shukrani na kijiko kile, na sioni kwamba moja linalifuta jingine. Katika nyumba ya zamani ya masista, ya mwaka 1876, ambayo sasa ni makumbusho, kuna minyororo na picha za watu wale wakiwa wamesimama kwa mistari. Huwa natafuta sura ya ukoo wetu kwenye picha hizo, ingawa sijui ninachopaswa kukitambua.

Kuna mnyororo mwingine pale, nao unahitaji maneno machache. Mbele ya nyumba ya misheni umesimama mbuyu uliopandwa mwaka 1868, mkubwa hata watu kadhaa wakishikana mikono hawaumalizi. Kwenye shina lake, chini, kinatokeza kipande cha mnyororo, pete chache tu za chuma chenye kutu, na gome limekimeza kilichobaki kama fizi inavyoota juu ya jino. Siku ile nilimsikia kijana mmoja akikieleza kikundi chake kwamba watumwa walikuwa wakifungwa hapo, na wamama wakaanza kutokwa na machozi. Sivyo. Mnyororo ule ulikuwa wa punda wa Madame Chevalier, mwanamke Mfaransa aliyekuwa akihudumu zahanati kwetu Unguja kabla ya kuhamia Bagamoyo. Alimfunga punda wake kwenye mti ungali mchanga, mnyororo ukaachwa, mti ukakua. Nilimwita kijana pembeni nikamweleza kwa upole. Hatuna haja ya kuongeza machozi mahali ambapo ya kweli yanatosha, na ukimwonyesha mtu mnyororo wa punda ukamwambia ni wa mtumwa, siku akijua ukweli hatauamini hata ule ulio ndani ya makumbusho.

Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu kuliko tunavyoieleza katika mahubiri. Kipindupindu kilichotapakaa pwani hii kati ya 1869 na 1870 kilizoa watu Unguja na Bagamoyo pia. Mara ikaja tufani ya Aprili 1872. Wazee wetu wa visiwani wanaijua tufani hiyo kwa jambo jingine: ndiyo iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu. Upepo ule ule, baada ya kumaliza kazi mashambani kwetu, uliyaangusha majengo ya misheni Bagamoyo. Nimewahi kuwauliza watoto wa katekisimu wangapi wanajua kwamba msiba wa karafuu na msiba wa misheni ulikuwa mmoja, na hakuna aliyenyosha mkono. Wala siwalaumu, kwa kuwa mambo hayo hufundishwa katika vitabu viwili tofauti, kimoja cha shule na kimoja cha dini, kana kwamba upepo ulikuwa ukivuma mara mbili.

Mnara wa kanisa la kwanza, kanisa la mwaka huo wa 1872, bado umesimama. Si mrefu. Mtu aliyezoea minara yetu ya Shangani anaweza kuupita bila ya kuinua kichwa, hasa kwa kuwa kanisa jipya lililojengwa kati ya 1910 na 1914 liko karibu na ndilo linalovuta macho. Mimi ndio ninaoupenda kuliko yote yaliyoko pale, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana kisa cha mnara huu ndicho ninachokitaka kila hujaji wa Zanzibar akijue.

Februari 24, 1874, kundi la watu waliochoka lilifika misheni likiwa na mzigo mrefu uliofungwa. Ilikuwa maiti ya David Livingstone, aliyefariki Mei 1, 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti pale alipofia, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa gome la mti na kitambaa kizito, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi baharini. Njiani palikuwa na maradhi, palikuwa na mapigano, na walikutana na Waingereza waliowashauri waache jambo hilo na kumzika huko huko bara, wakakataa. Usiku ule maiti ililazwa kanisani, chini ya mnara huu. Nifikiriapo waliokuwemo ndani, naona ajabu ya pwani yetu imekusanyika chumba kimoja: marehemu alikuwa Mprotestanti wa Scotland, mapadri ni Wakatoliki kutoka Ufaransa, Chuma ni Myao aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 na kubatizwa, na Susi, ambaye jina lake la Abdullah linajieleza, alikuwa bado miaka mingi kabla ya ubatizo wake. Nadhani waliosali juu ya maiti ile, kila mmoja alisali kwa imani yake.

Kutoka hapo maiti ilipakiwa katika meli ya kivita ya Uingereza, ikaletwa Unguja, ikasafirishwa Ulaya na kuzikwa London katika kanisa la Westminster, Aprili 18, 1874. Jacob Wainwright, aliyekuwa mmoja wa wale waliotoka Chitambo, ndiye aliyesafiri nayo. Wapagazi walilipwa mishahara yao wakaambiwa basi, kazi imekwisha. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, wakafika mazishi yakiwa yamekwisha kufanyika. Jambo hili huniuma kila ninapolisoma, na sijui kama kuna maneno ya kulipunguza makali. Watu waliobeba maiti kwa miezi tisa hawakungojewa wiki chache.

Walirudi pwani. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa hapa Unguja mwaka 1886 na kuchukua jina la David, akafariki hapa hapa mwaka 1891. Nasi Unguja tunao msalaba katika kanisa la Kianglikana la Mkunazini, mahali lilipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, uliochongwa kwa mti ule ulioufunika moyo wa Livingstone. Mlango ambao maiti ilipitishwa pale misheni nao umehifadhiwa na ndugu zetu Waanglikana katika kanisa lao la Bagamoyo. Hujaji anayesimama chini ya mnara wa Bagamoyo akaambiwa habari hii na kuachwa palepale, ameonyeshwa nusu ya njia. Nusu iliyobaki inavuka bahari na kuishia kwetu, katika ardhi tunayoikanyaga kila siku tukienda kazini.

Misa ya hija ilisomwa mbele ya pango la Bikira Maria, lililojengwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani kwa mfano wa lile la Lourdes. Mawe yake yamepangwa na mikono isiyopata kuiona Lourdes, wakafuata tu maelezo, na labda ndiyo maana pango lile lina sura ya pwani: giza lake ni la pango la matumbawe, kama yale ambayo watoto wetu hujificha Kizimkazi au Makunduchi maji yanapokupwa. Bibi yetu alifungua kikapu chake hapo. Kumbe alikuwa amebeba mishumaa minane, mmoja kwa kila mtoto aliyemzaa, walio hai na waliotangulia, na kipande kidogo cha kanga kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na mchanga. Aliutoa kwenye kaburi la mumewe, akaunyunyiza kidogo chini ya pango, akalifunga tena fundo na kurudi nalo. Sikumuuliza.

Makaburi ya wamisionari yako mbali kidogo na kelele. Nilipita nikisoma miaka ya kuzaliwa na ya kufa, nikitoa mmoja kwa mwingine, na mara nyingi jibu lilikuwa thelathini na kitu, au pungufu. Homa haikuwachagua. Sitayaeleza mengine yote ya misheni ile, jinsi ilivyowahifadhi maelfu ya wakimbizi wakati wa vita vya Abushiri na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, au mibuni iliyoletwa kutoka Réunion, maana yanataka siku yake. Nitamtaja mmoja tu kwa ajili ya wapenzi wa lugha: Padre Charles Sacleux, aliyekaa Zanzibar na Bagamoyo, alikusanya maneno ya lahaja za pwani na visiwa kwa subira ya miongo mingi, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapwa mwaka 1939. Maneno ambayo bibi zetu wa Pemba na Makunduchi waliyatumia, na ambayo wajukuu wanayacheka, yamo mle yamehifadhiwa.

Tulipokuwa tukisubiri basi nilimweleza padre wetu mawazo yangu, na nayarudia hapa ili yasibaki maneno ya chini ya mwembe. Machi 2025 Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo, kwa hiyo mahali pale sasa pana askofu wake. Sisi tuna Jimbo la Zanzibar tangu 1980. Ingefaa hija ya watu wa visiwani ianze siku moja kabla, kwa Misa Minara Miwili, kisha matembezi ya kimya hadi Mkunazini, tukaombe kwanza pale ambapo watoto wale walinunuliwa, kwa ruhusa na pamoja na wenzetu Waanglikana. Kesho yake tuvuke. Na tukifika kwenye msalaba wa ufuoni, kabla ya wimbo wa maandamano, watu wote waombwe kugeuka na kuitazama bahari kwa muda wa Baba Yetu mmoja. Hakuna gharama yoyote katika kugeuka. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niandike kwenye karatasi, nami nimeandika na nimempa.

Nilirudi nyumbani usiku. Kwa desturi yetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na Bagamoyo nilikuwa nimenunua chumvi ya huko, ile ya chenga, yenye weupe wa kijivu na harufu ya bahari. Asubuhi nilijaza bakuli la Mama Mkubwa, nikalifunika kwa kawa lake, nikampelekea. Alinikaribisha barazani, akanimiminia kahawa, na safari hii muda ulitosha: nikamweleza habari za nyumba ya Shangani, soko, watoto waliovushwa, Susi na Chuma, na bibi yetu aliyesimama majini. Alisikiliza akichezea chumvi kwa ncha za vidole, chenga moja moja. Nilipomaliza alikaa kimya mpaka kahawa yake ikapoa.

"Babu yangu mimi mzaa mama," akasema hatimaye, "baba yake alikuwa nahodha. Jahazi lake lilikuwa la Unguja na Bagamoyo, miaka hiyo hiyo unayoitaja. Nyumbani walikuwa wakisema alipakia pembe na gundi." Akazirudisha chenga za chumvi bakulini. "Hatukuwahi kuuliza kama alipakia na kitu kingine." Kisha akataka kujua kama mwakani, katika boti yetu, itapatikana nafasi ya mtu mmoja asiye Mkatoliki. Nikamwambia nitamwandikisha.